Msituni pikipiki yangu marufuku, Scania za magogo ruksa. Wakuu, hii imekaaje?

Vumbi la Segera #1

Wakuu salaam.

Tuna kikundi chetu cha washkaji wa Dar na Tanga, pikipiki za krosi na Land Cruiser kuukuu mbili tatu. Mashindano hatuna, tunapenda njia mbovu tu. Tunapanda, tunalala porini, tunapika, tunarudi.

Juzi kati tulifika kwenye msitu mmoja wa hifadhi ya Serikali huku milimani (sitautaja, sitaki kijana wa watu getini apoteze kibarua). Tukaambiwa vyombo vya moto vya matembezi haviingii, mkitaka acheni hapa mpande kwa miguu. Tukiwa bado tunabembeleza, geti likafunguliwa, ikatoka Scania na tela lake, magogo yamefungwa minyororo, matope mekundu yameganda mpaka kwenye madigadi. Nyuma yake Fuso mbili. Nikachungulia njia waliyotokea: mifereji ya matairi imechimbika kiasi kwamba ukisimama ndani inakufika magotini, na maji yanatiririka humo kama mtoni.

Swali langu ni fupi. Pikipiki ya kilo mia na kitu inaharibu nini ambacho lori la tani 30 haliharibu? Msitu ni mali ya umma. Mwenye msumeno naye ni umma, mimi mwenye helmeti siyo?

---

Siti ya Mbele #2

Nimeweka kambi. Wenye misitu waje.

---

Fundi Mbao Mafinga #3

Mleta mada umeuliza vizuri ila umechanganya mafaili. Kuna shamba la miti na kuna msitu wa asili. Sao Hill hapa Mufindi ni shamba, zaidi ya hekta 130,000 kwa ujumla wake, mipaina na mikaratusi iliyopandwa ili ikatwe. Kukata mpaina ulioiva ni sawa na kuvuna mahindi, hata kama wewe wa Dar ukiona kisiki roho inakuuma.

Halafu mimi sijiingilii tu. Napewa kitalu, nalipia mrabaha kabla sijaangusha hata mti mmoja, naonyeshwa mipaka. Gogo linapimwa kipenyo na urefu, linagongwa nyundo, nakatiwa TP, yaani kibali cha kusafirishia, na njiani kwenye kila geti la maliasili nasimamishwa wanahesabu tena. Nikikutwa na kipande kisicho na alama ya nyundo, gari linalala hapo. Wewe na krosi yako unalipia nini, na nani anajua umetokea upande gani?

---

Vumbi la Segera #4

@Fundi Mbao Mafinga nimekupata, lakini hapo umejibu kuhusu hela, sijasikia kuhusu msitu. Nikilipa na mimi mrabaha wa vumbi, mfereji utakuwa mfupi? Waweke bei basi, tulipe, tuingie.

---

Binti Mlalo #5

Nimekulia Usambara Magharibi, ngoja niseme kidogo.

Hii ngonjera ya "shamba siyo msitu" ni kweli leo, lakini haikuwa hivyo siku zote. Waulizeni wazee wa Amani, Usambara Mashariki. Miaka ya 1970 mpaka katikati ya miaka ya 1980 miti iliyokuwa inaangushwa kule haikupandwa na mtu. Ulikuwa msitu wa asili kabisa, wenye mikulo, miti mikubwa ya asili ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaizungushi. Katapila zilikuwa zinachonga njia ubavuni mwa mlima na kuburuta magogo kushuka nayo. Walikuja Wafini na kampuni yao wakakomba mpaka basi.

Walipoondoka, kwenye mapengo yale ukaingia mti wa Maesopsis, ambao milima ile haikuwa nao kwa asili. Nenda leo uangalie sehemu zilizochongwa na katapila, ndio umejaa. Kwa hiyo ukisikia mlinzi wa msitu anaogopa tairi, kuna historia.

---

Karani Mstaafu #6

@Binti Mlalo bandiko zuri, marekebisho kidogo. Kampuni haikuwa ya Wafini. Ilikuwa Sikh Saw Mills ya Tanga, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Serikali yetu wenyewe. Finland walitoa msaada wa mitambo na utaalamu, na baada ya kelele za wanasayansi hao hao Finland wakagharamia kuukagua msitu upya. Ukataji wa mitambo ulisimama kabla miaka ya 1980 haijaisha, na Amani ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 1997. Tusiwabebeshe wageni mzigo wote, sahihi zilikuwa za kwetu.

---

Binti Mlalo #7

Asante mzee wangu. Ila aliyeleta katapila ni nani vile? 😀

---

Boda wa Kisarawe #8

Mnaongelea krosi za starehe, sisi wa pikipiki za mkate hamtuoni. Huku pembezoni mwa Pugu na Kazimzumbwi ukikutwa na pikipiki karibu na msitu, hata ukiwa umempeleka mgonjwa, swali la kwanza ni "mkaa uko wapi". Mimi siku moja nimebeba magunia ya maranda ya banda la kuku, nikasimamishwa nikamwagishwa yote chini wakapekua kwa fimbo. Wakati huo huo gari kubwa lina karatasi zake linapita, dereva anawapungia mkono.

Kwa mtazamo wangu suala siyo msitu wala udongo. Ni kwamba mwenye karatasi anaheshimika na mwenye tairi mbili ni mwizi mpaka athibitishwe.

---

Bwana Miti #9

Nimefanya kazi ya misitu muda mrefu, sasa nalima parachichi. Nitasema yale ambayo kijana wa getini hawezi kuwaambia.

Pikipiki ndiyo iliyobadilisha wizi wa miti nchi hii. Zamani ili uibe mninga ulihitaji lori, lori linahitaji barabara, barabara ina geti. Siku hizi chensoo inabebwa kwenye begi la mgongoni, petroli kwenye kidumu, mti unapasuliwa hapo hapo ulipoangukia, mbao zinatoka nne nne juu ya pikipiki usiku kwa njia ya ng'ombe. Na njia ya ng'ombe inapanuliwa na nani? Na watu kama mleta mada, bila kujua. Mkipita krosi kumi sehemu ambayo haikuwa na njia, wiki ijayo hapo pana njia, na atakayeitumia hatakuja na helmeti.

Ukikaa getini huwezi kutofautisha krosi ya mstaarabu na krosi ya mpasua mbao. Unachoweza ni kufunga zote. Lori angalau unajua mwenye kitalu ni nani na anakaa wapi.

Kuhusu udongo, mleta mada ana hoja nusu. Lori linaharibu zaidi, hilo halina mjadala. Lakini linaharibia barabara, na barabara ina mtu wa kuitengeneza, angalau kwenye makaratasi. Nyie mnapenda sehemu ambayo siyo barabara. Tairi la vibao likizunguka mara tatu kwenye mteremko limeshachuna majani na mizizi, mvua moja ya masika inamalizia.

---

Vumbi la Segera #10

@Bwana Miti hii ndiyo hoja ya kwanza iliyonifanya nikune kichwa. Lakini kwa mantiki hiyo hiyo, njia za malori nazo si ndio zinafungua msitu kwa majangili? Mvunaji akimaliza kitalu anaondoka na mitambo yake, barabara inabaki. Nani anaifunga?

---

Bwana Miti #11

Kwenye shamba la miti inabaki makusudi, inatumika kupandia tena na kupambana na moto. Kwenye asili inatakiwa ifungwe. Neno ni "inatakiwa".

---

Mnyalu Halisi #12

Parachichi bei gani saa hizi mzee?

---

Dereva Talii #13

Mimi nipo upande wa magari lakini nina ugomvi na mleta mada. Ndani ya hifadhi za Taifa kuacha barabara ni kosa, faini yake inakata mshahara, na mgeni wako anakuona unavyoaibishwa. Serengeti nimeona kwa macho mstari wa matairi kwenye nyasi, msimu mzima umepita haujafutika. Na gari iliyopita pale ilikuwa moja tu. Ya pili ilifuata mstari wa ya kwanza, ya tatu hivyo hivyo, mwisho pana barabara ambayo haipo kwenye ramani.

Ila anachokisema kuhusu Scania nakijua. Ukienda geti la Londorossi kupeleka wageni wa njia ya Lemosho ya kupandia Mlima Kilimanjaro, unakatiza katikati ya shamba la miti la West Kilimanjaro. Mipaina, viazi vya wananchi vimepandwa chini ya miche, na malori ya magogo. Mvua ikinyesha, Land Cruiser yangu inapita kwenye mashimo yaliyochimbwa na lori, mgeni ananiuliza "hii ni hifadhi?" Namwambia bado baba, hifadhi inaanza pale mbele. Kumweleza kwamba mlima mmoja una mabosi wawili, mmoja anauza magogo na mwingine anauza mandhari, inachukua muda mpaka tunafika.

---

Mrombo Original #14

Hapo kwenye mabosi wawili umegusa kidonda. Kwetu Kilimanjaro kulikuwa na Nusu Maili, ukanda wa msitu uliotengwa tangu 1941 ili Wachagga wapate kuni, majani na mbao bila kuingia msitu wa juu. Mwaka 2005 msitu ukaunganishwa na hifadhi ya Taifa. Bibi yangu aliyekuwa anakata majani ya mbuzi pale tangu akiwa msichana akageuka mvamizi asubuhi moja. Hapo hakukuwa na krosi wala Scania, ni bibi na mundu.

Kwa hiyo nikisoma malalamiko ya watu wa helmeti nasikitika nao kidogo, kidogo sana.

---

Mama Chanzo #15

Naomba na sisi wa chini ya msitu tusikike. Kijiji chetu kinakunywa maji ya bomba la mtiririko, banio, pale maji yanapokingwa yaingie bombani, liko ndani ya hifadhi. Wakivuna magogo juu, ndoo inatoa maji ya rangi ya chai ya maziwa, tunaacha yatulie usiku kucha ndipo tupikie, na chini ya ndoo unakuta tope la vidole viwili. Walipokuja hao vijana wa pikipiki mwaka fulani, walivuka kijito juu ya banio wakienda na kurudi wanapigana picha, ikawa hivyo hivyo kwa siku mbili.

Mnabishana nani anachafua zaidi. Mimi nayapima kwa ndoo, na ndoo haisemi ni Scania au ni krosi.

---

Siti ya Mbele #16

Mama kaua uzi.

---

Fundi Mbao Mafinga #17

Hajaua, pole sana mama. Kisheria mvunaji anatakiwa aache miti pembezoni mwa vijito na asiburute magogo kwenye maji. Huyo aliyewafanyia hivyo mripoti, anatuharibia jina.

---

Mama Chanzo #18

Tulimripoti. Tukaambiwa tuandike barua. Tukaandika.

---

Kinara wa Hoja #19

Mnazunguka mbuyu. Hifadhi nchi hii ni hifadhi mpaka mkubwa atake. Selous si walifyeka miti milioni 20 mchana kweupe? Urithi wa Dunia ule, UNESCO tangu 1982. Mwananchi akiingia na baiskeli anapigwa, Serikali ikiingia na greda inaitwa maendeleo.

---

Karani Mstaafu #20

@Kinara wa Hoja hiyo milioni 20 umeitoa wapi? Mwaka 2018 TFS, wakala wa misitu wa Serikali, walitangaza zabuni ya kuuza miti iliyosimama kwenye eneo ambalo lingefunikwa na maji ya bwawa la Rufiji, kwa hesabu ya kama mita za ujazo milioni 3.5. Lile bwawa la megawati 2,115. Hoja yao ilikuwa miti itazama, bora ivunwe. Unaweza kupinga bwawa lenyewe, wapo wengi waliolipinga, lakini tutumie hesabu zilizotangazwa.

---

Kinara wa Hoja #21

Milioni 3.5 au 20, kwa mwenye baiskeli kuna tofauti gani? Povu langu liko pale pale.

---

Karani Mstaafu #22

Tofauti ni kwamba moja ni kweli.

---

Jirani 254 #23

Hamjambo majirani. Hapa kwetu Kenya tuliona sinema hiyo hiyo. Februari 2018 naibu wa rais alitangaza kusimamisha ukataji kwenye misitu ya umma, ati siku 90. Zikaongezwa zikaongezwa mpaka Julai 2023, na aliyekuja kuondoa marufuku ni yule yule, safari hii akiwa rais. Sababu aliyotoa: miti iliyokomaa inaoza shambani na vijana hawana kazi. Chama cha mawakili kikakimbia kortini. Watu wa Molo na Njoro wenye vinu vya mbao walikuwa wamefunga miaka mitano.

Lakini kuhusu magari nina kitu kitawashangaza. Tangu 1989 tuna mashindano ya Rhino Charge, magari yanakata porini moja kwa moja bila barabara, anayefika vituo vyote kwa umbali mfupi ndiye mshindi. Pesa zinazochangwa pale ndizo zilizosaidia kujenga ua wa umeme kuzunguka msitu wa Aberdare, kama kilomita 400, ukamalizika 2009. Kumaanisha magari ya mchezo yamelinda msitu kuliko hotuba nyingi. Mleta mada, chukua hiyo upeleke getini.

---

Vumbi la Segera #24

Jirani nakuonea wivu hadharani. Nilijua kuna mashindano, hili la ua nilikuwa silijui.

---

Bwana Miti #25

Ila Jirani amalizie hadithi. Rhino Charge hawaendeshi ndani ya msitu wanaouchangia. Wanafanyia kwenye ardhi za jamii na mashamba makubwa, sehemu kavu, kwa makubaliano, siku moja ya ushindani kwa mwaka. Hiyo siyo sawa na kila Jumamosi kwenye mkulo.

---

Jirani 254 #26

Hiyo ni kweli, sibishi. Nimesema magari, sijasema mkulo.

---

Mbongo wa Oregon #27

Habari za siku wakuu. Huku niliko, Marekani, ugomvi huu una umri kuliko mimi. Rais Nixon alisaini amri mwaka 1972 kwamba magari ya porini kwenye ardhi ya umma yapangiwe njia zake. Mwaka 2005 idara ya misitu ikaja na kanuni: kila msitu wa Taifa utoe ramani ya njia za vyombo vya moto, na kama njia haimo kwenye ramani, ni marufuku. Watu wa kwadi (pikipiki za matairi manne) walilia kama mleta mada, sentensi kwa sentensi: "mbona malori ya magogo yanapita?"

Kichekesho ni kwamba huku waendesha magari na wakata magogo mara nyingi wapo chama kimoja. Sababu ni rahisi, njia nyingi wanazochezea zilichongwa na wakata magogo. Idara ile ina barabara za msituni zaidi ya kilomita 500,000, haina hela ya kuzitengeneza, kwa hiyo uvunaji ukiisha wanaweka magogo na mawe mdomoni, basi. Hapo mwenye kwadi ndipo anapojua rafiki yake alikuwa nani. Na kuna kanuni ya 2001 iliyozuia kuchonga barabara mpya kwenye kama hekta milioni 24. Serikali ya Trump ilitangaza Juni 2025 kwamba itaifuta, miezi michache tu baada ya amri ya rais ya kuongeza mbao.

Kwa hiyo mleta mada, usimchukie Fundi Mbao. Bila yeye huna njia.

---

Mnyalu Halisi #28

Diaspora kwa kuandika magazeti hamjambo. Huko theluji imeisha?

---

Dereva Talii #29

Hapo kwa Mbongo nimepata kitu. Ramani. Hapa tatizo ni kwamba mlinzi wa leo anasema hairuhusiwi, wa kesho anasema andika barua wilayani, wa kesho kutwa anataka ya soda. Kungekuwa na karatasi imebandikwa getini: njia hii gari, hii pikipiki, hii miguu tu, masika zote zimefungwa, mbona kelele zingepungua.

---

Boda wa Kisarawe #30

Ya soda ndiyo ramani yenyewe.

---

Mtu wa Mang'ula #31

Kwetu Udzungwa hifadhi ya Taifa ilianzishwa 1992 na mpaka leo hakuna barabara ya gari ndani. Mtalii, bosi, waziri, wote kwa miguu. Hapo nakubali ni haki maana hakuna Scania. Ila hata hapo mwaka 2011 kina mama walisimamishwa kuokota kuni kavu, wakati kabla ya hapo waliruhusiwa kwa siku ya wiki iliyopangwa. Walifungiwa wote kweli, lakini kufungiwa hakukumuuma kila mtu sawa. Mtalii alikosa matembezi ya gari, mama alikosa moto wa kupikia ugali.

---

Vumbi la Segera #32

Wakuu nimesoma yote. Bado sijaelewa kama nimekatazwa kwa sababu ya udongo, wizi, hela au sura. Kila mmoja amenipa jibu lake na yote yananiingia akilini, ndiyo shida.

@Fundi Mbao Mafinga nikuulize. Kwenye shamba, zile njia za kuzuia moto kati ya vitalu, mtu akiomba kibali rasmi aendeshe huko kiangazi, kuna ubaya?

---

Fundi Mbao Mafinga #33

Kiangazi ndiyo kabisaaa usiseme neno. Cheche moja ya ekzosi kwenye majani ya mpaina yaliyokauka, kijiji kizima kinaacha kazi na kushika matawi kuzima moto. Masika huwezi maana njia ni sabuni. Jaribu katikati hapo, uandikie uongozi wa shamba, utaje watu wangapi, tarehe na chombo gani. Wakikataa angalau umekataliwa kwa maandishi.

---

Mama Chanzo #34

Na banio waonyesheni mapema lilipo.

---

Kinara wa Hoja #35

Ataandika barua, atajibiwa mwakani. Mama hapo juu anajua.

---

Mnyalu Halisi #36

Samahani kwa kutoka nje ya mada. @Fundi Mbao Mafinga nina kenchi ya vyumba vitatu, 2x4 unaziachaje kwa jumla?

---

Fundi Mbao Mafinga #37

Za dawa au kavu?